Deni la Mwenye Kung'oa

Nataka kukuuliza swali, ewe kijana usomaye, nami naomba usilijibu upesi. Mtu akiondoa kiumbe hai mahali kilipoota, akakichukua kwake kwa mapenzi wala si kwa uadui, je, anawiwa nini na kiumbe hicho? Mwizi twaijua hukumu yake, na adui twalijua jina lake. Lakini apendaye akachukua, huyo ni nani? Swali hili lilinijia kwa njia ndogo sana, njia ya mti mmoja usiofika kiunoni mwa mtu, na kwa muda mrefu nililidhania kuwa ni swali la bustani tu. Siku hizi silioni hivyo.

Yako maarifa ya kulea mti mzee ndani ya chombo kidogo. Wachina waliyaanza zamani, Wajapani wakayapokea na kuyakuza, wakayaita bonsai, maana yake kitu kilichopandwa katika sinia. Usidhani kwamba mti huo ni wa jamii ya mbilikimo. Ni mkwaju, mkuyu au msonobari kama mingine yote, ambao ungeachwa ardhini ungeinuka kupita paa la nyumba. Ufupi wake watokana na chombo, makasi na subira. Wengine huanza na mbegu. Wengine huenda milimani kutafuta mti ambao mawe, upepo, ukame na meno ya wanyama vimekwisha udumaza kwa miaka mingi, wakauchimba na kuuleta nyumbani; Wajapani huuita mti wa namna hii yamadori. Katika vilima vya mawe vilivyo juu ya ziwa, upande wa Mbita na Sindo katika Homa Bay, nimeiona mikwaju iliyoliwa na mbuzi mwaka baada ya mwaka, mashina yake manene kama paja la mtu mzima, na kimo chake hakimzidi mtoto wa miaka mitano. Wajaluo huuita mti huu chwaa. Mchunga mbuzi huupita bila kugeuza shingo. Ajuaye maarifa niliyoyataja husimama mbele yake kama aliyekuta lulu njiani.

Wako wasemao kwamba mti uachwe ulipo, na hoja yao si nyepesi. Mwaka 2022 katika Kilifi, mibuyu mikubwa ilichimbwa na kung'olewa ili ipelekwe ng'ambo, katika nchi ya Georgia, ikapambe bustani ya tajiri. Wenye mashamba walilipwa fedha, na fedha ilikuwa na kazi majumbani mwao. Hata hivyo watu wengi nchini walishtuka, na mwezi wa Novemba mwaka ule Rais William Ruto aliagiza jambo hilo lichunguzwe. Miaka miwili kabla yake, Novemba 2020, mkuyu wenye umri wa karibu miaka 100 kando ya barabara ya Waiyaki mjini Nairobi ulikuwa umekusudiwa kung'olewa ukapandwe kwingine kwa ajili ya barabara mpya. Watu walipaza sauti, amri ikatolewa kwamba mti usiguswe, na barabara ikajengwa mti ukiwa umesimama. Yafaa uyatie maanani mambo haya mawili. Katika yote mawili hapana aliyesema kwamba anataka kuua mti. Kote walisema, tutauhamisha tu.

Mimi nasimama pamoja na wenye hoja hiyo katika mengi. Msitu wa umma si shamba la mtu, na sheria ya misitu ya mwaka 2016 yakataza kung'oa mti wake bila kibali. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ruma, bondeni Lambwe, hapana ruhusa ya kuchukua mmea. Na mti uotao ndani ya kuta za Thimlich Ohinga kule Migori, zile kuta zilizopangwa kwa mawe matupu bila udongo wala chokaa, ambazo UNESCO iliziandika katika urithi wa dunia mwaka 2018, mti huo na ukae na mawe yake. Lakini uko pia mti ambao mwenye shamba amekwisha uwekea shoka, kwa kuwa ataka kujenga au kuchoma makaa, naye akikuambia, "Chukua," hakudhulumiwa mtu. Hapo yawezekana kusema kwamba umeuokoa. Nakuonya, hata hivyo, kuhusu utamu wa neno hilo. Mtu akijiita mwokozi huona kazi yake imekwisha siku ya kuokoa, kumbe siku hiyo ndipo deni linapoanza kuhesabiwa.

Nalijua hilo kwa kuwa mti wangu wa kwanza niliuua.

Ulikuwa mkwaju wa shambani kwa mtu aliyekuwa akisafisha mahali pa nyumba. Niliuchimba mwezi wa Januari, jua likiwa kali na mvua haiko karibu. Nilikata mzizi mkuu kwa msumeno, udongo ukapukutika wote nami sikujali. Nikaufunga nyuma ya pikipiki bila hata gunia bichi, nikaja nao mpaka Migori mjini ninapokaa, mizizi ikipigwa na upepo njia nzima. Jioni ile ile nilikuwa nimekwisha upanda katika chungu kizuri nilichokinunua kwa ajili yake. Baada ya wiki tatu ukachipua. Majani mabichi yalitoka kila mahali hata katika gome la shina! Niliita majirani. Nikauweka juani wapate kuuona vizuri. Nikautilia samadi nyingi, maana niliona mtu aliyetoka safarini apewe chakula, na maji asubuhi na jioni. Tena kila nilipopita nilikuwa nikiushika shina na kuutikisa kidogo, nipate kujua kama umeshika. Wiki ya saba majani yakanyauka siku moja, yote pamoja, wala hayakurudi.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyo chini ya udongo, kwa kuwa ndipo kosa langu lilipokuwa. Mzizi mnene hunywa maji kidogo sana. Kazi yake kubwa ni kuwa nanga na ghala. Kunywa hufanywa hasa na vimizizi vyembamba kama nywele vilivyo mwisho kabisa, mbali na shina, na pamoja navyo huishi kuvu wadogo wanaouletea mti maji na chumvichumvi za ardhini, nao mti huwalipa kwa sukari. Mchimbaji akikata mizizi huacha nyuma karibu kinywa chote cha mti. Juu, majani yaendelea kupoteza maji hewani kama kwamba hapakutokea kitu. Yale majani mapya yaliyonifurahisha hayakutoka katika mizizi mipya, kwa sababu haikuwapo. Yalitoka katika akiba iliyokuwa ndani ya shina. Mti ulikuwa ukitumia mali yake ya mwisho, na mimi nilikuwa nikipiga makofi. Jua liliongeza kiu yake. Maji ya kupita kiasi yalikaa chunguni, na mzizi nao hupumua, hivyo ukioga mno huoza. Chumvi ya samadi ilivuta maji nje ya vidonda badala ya kuyaingiza. Na kila nilipotikisa shina, kama palikuwa na kimizizi kimoja kilichoanza kushika, nilikikata kwa mkono wangu mwenyewe.

Habari ya chumvi yanikumbusha msiba mwingine. Mwaka 2018 vifaru weusi 11 walitolewa katika hifadhi za Nairobi na Nakuru wakapelekwa Tsavo Mashariki ili kabila lao liongezeke. Maji waliyoyakuta huko yalikuwa na chumvi kuliko waliyoyazoea. Walikunywa wakazidi kuona kiu, wakazidi kunywa. Kumi walikufa, na wa kumi na moja akashambuliwa na simba. Waliowahamisha walikuwa watu wa kuwalinda vifaru. Sisemi haya kuwalaumu. Nasema ili uone kwamba nia njema haiyabadili maji.

Mti wa pili ulikuwa wa kaka yangu. Uliota juu ya mawe mwishoni mwa boma lake, si mbali na Sindo, mbuzi wake wakiutafuna tangu tulipokuwa vijana. Aliniambia, "Ukiutaka chimba, lakini usije ukaniua mwingine." Safari hii nilikwenda taratibu. Mwanzoni mwa mvua za masika nilichimba mtaro nusu ya duara tu, nikakata mizizi ya upande ule, nikarudishia udongo mwepesi na kuondoka, ili mti uote vimizizi vipya karibu na shina huku upande wa pili ukiendelea kuulisha. Nusu ile niliikata kaka yangu akinishikia taa. Nusu ya pili niliikata mwaka uliofuata, naye amekwisha zikwa. Mama wa mtoto wake alikuwa ametangulia. Hivyo siku ile niliondoka Sindo na vitu viwili: mti uliofungwa pamoja na udongo wake katika magunia yaliyolowa, na mtoto wa kiume wa miaka 11 ambaye kwa mila zetu huniita baba mdogo. Yeye ndiye aliyeupakata mti garini mpaka Migori.

Mti niliuweka katika sanduku la mbao, kubwa na lisilo na uzuri wowote. Nilizungushia changarawe na mchanga mkubwa wa mtoni, vitu vinavyopitisha maji na hewa. Niliufunga kwa kamba mpaka sandukuni usitikisike hata kwa upepo. Niliuweka kivulini, mbali na upepo, nikawa nikiunyunyizia majani maji, na udongo niliumwagilia pale tu uso wake ulipoanza kukauka. Samadi sikutia. Makasi sikuyashika. Katika maarifa haya huambiwa ungoje mwaka mmoja, miwili, pengine mitatu, kabla ya kuanza kuupa mti umbo.

Mtoto naye alitushangaza. Wiki za kwanza alikuwa mchangamfu kuliko watoto wangu. Aliosha vyombo kabla ya kutumwa, aliamkia kila mgeni, na mtihani wa mwisho wa muhula aliongoza darasa. Jamaa walinipongeza: "Amezoea! Tena amekomaa, ana akili za mtu mzima." Nami nilifurahi. Msomaji, nilikuwa nimekwisha uona mti mmoja ukichipua hivyo, na bado nilifurahi. Mwezi wa saba alinyamaza. Hakuwa mgonjwa wala mkaidi. Alikaa tu penye chakula akikitazama, na usiku twalisikia kitanda chake kikilia kwa kugeukageuka.

Ndipo wote tulipoanza kumpenda kwa mikono miwili. Shangazi zake walileta viatu na nguo. Mimi nilimwita kila jioni nikamuuliza, "Je, umeanza kuzoea? Wawaza nini?" Naye alijibu, "Nimezoea, baba mdogo," kwa adabu iliyoniumiza. Mke wangu alinivumilia kwa muda, kisha siku moja akanikuta nimesimama kando ya sanduku la mti, akaniuliza kama siku hizi ninautikisa shina. Nikasema, la, hata kidogo. Hakuongeza neno, akaingia jikoni.

Nilielewa, ingawa kwa shida. Maana sisi watu wa zama hizi twafundishwa kwamba apendaye hutenda, na asiyetenda hapendi. Ukimwona mwenzako ana huzuni nawe hukusema kitu wala hukuleta kitu, wajiona mkatili. Fikiri, hata hivyo, ni nani anayetulizwa na utendaji ule. Nilipoutia mti samadi, moyo wangu ndio ulioshiba. Nilipomuuliza mtoto maswali, mimi ndiye niliyetaka jibu. Yeye hakuwa na haja ya swali. Sehemu kubwa ya tunayoyaita mapenzi ni kutoweza kwetu kuvumilia kutojua.

Lakini tahadhari! Maneno haya yana mlango wa nyuma, na mvivu aweza kupita humo. Akisikia kwamba ni vema kungoja atasema, "Basi, nami nangoja," kumbe amelala. Kungoja si kuacha. Mti ulio sandukuni ukiachwa siku nne za jua kali hufa, na anayengoja huja asubuhi, hutia kidole udongoni, hupima, mara nyingine humwagilia na mara nyingine huondoka bila kumwagilia; na huko kuondoka bila kumwagilia ni kazi, tena ngumu kuliko nyingine. Mke wangu alifanya hivyo. Sahani ya mtoto iliwekwa mahali pale pale, saa ile ile, ale asile. Hakuulizwa. Alipewa mbuzi mmoja wa kufunga na kufungua, kwa kuwa kule kwao alikuwa na mbuzi. Kamba zile za sanduku nilizidhani kifungo, kumbe ndizo zilizowezesha kimizizi kushika bila kukatika, na nadhani saa ya chakula isiyobadilika ilikuwa kamba ya namna hiyo.

Pengine wewe usomaye haya umo bwenini, nawe ulitoka kwenu miezi michache iliyopita ukiwa na sanduku la bati, watu wakikupongeza. Pengine ulianza vizuri ukashangaa baadaye kwa nini nguvu zimekwisha. Sikuambii mengi. Nakuambia tu kwamba mti haukuwa mdhaifu majani yalipoanguka. Ulikuwa umehesabiwa mapema mno kuwa umepona.

Najua kwamba mwalimu wako wa mantiki, kama unaye, atapinga: mti si mtoto. Kweli. Mti hauna kilio, wala haumkumbuki mbuzi aliyeula. Na mfano, ukivutwa sana, hukatika. Tofauti moja hasa ndiyo yenye uzito. Mti siwezi kuuuliza, kwa hiyo sina budi kusoma dalili: majani ya mkwaju wenye afya hujifunga giza likiingia na kufunguka kwa jua, na chipukizi la kweli huendelea kurefuka mwezi baada ya mwezi, halikomi baada ya kucha moja. Mtoto naweza kumuuliza, lakini pia aweza kunificha, kwa heshima au kwa woga. Na tena aweza kukataa. Hapo deni langu kwake ni kubwa kuliko deni langu kwa mti. Mti nikishaulipa afya yake naweza kuukata matawi na kuufunga waya ukafuata sura niliyoiota mimi. Mtoto akishapona, sura yake si yangu.

Lipo jambo jingine linalonitia haya, nami sijalimaliza moyoni. Wageni wakiutazama mkwaju ule husema, "Ni mzuri ajabu!" Uzuri upi? Kila pindo la shina lake ni mahali ambapo mbuzi alikata kilele chake ukalazimika kutafuta njia ya kando. Mashimo yale ni matawi yaliyokufa miaka ya ukame. Twapenda makovu, twayatafuta milimani, twayalipia. Na jamaa waliomsifu mtoto kwa ukomavu wake walikuwa wakisifu nini, ikiwa si kovu? Walitaja kama tunda jambo ambalo mtoto wa miaka 11 hakupaswa kuwa nalo bado. Sisemi makovu yafichwe, wala mti hauwezi kurudishiwa vilele vyake. Bali nimeacha kuwaonyesha wageni lile shimo kubwa lililo upande wa nyuma.

Mti una mwaka wa tatu sandukuni. Mwezi wa Aprili niliona kimizizi cheupe kikitokeza kati ya mbao mbili za chini, nikamwita mtoto, ambaye sasa ana miaka 14 na sauti yake imekwisha vunjika. Aliinama akakitazama sana. Nikamwambia kwamba waya ninao, na chungu kiko tayari, na kwa kuwa mti ni wa baba yake, yeye ndiye atakayesema. Alikizungushia kimizizi mchanga kidogo kwa kidole kisikauke, akainuka.

"Bado, baba mdogo," alisema.

Chungu kiko juu ya kabati. Mke wangu huweka humo vifungo na sindano.